Kamba Tupu

Jumatatu, 6 Machi

Kwako, Kijiti, mdogo wangu.

Leo nimenunua daftari. Muuza duka aliuliza, la mistari au la miraba? Nikasema la mistari. Sijaandika kitu kirefu tangu nimalize shule. Na hii si barua, maana haiendi popote. Lakini nikianza bila jina lako mkono hausogei.

Miwani alipiga simu nikiwa ghalani, juu ya lundo la mabati. Unamkumbuka — yule meneja wa ukumbi, miwani iko kwenye paji la uso siku zote, na siku zote anaitafuta. Anasema Jumamosi ya wiki ijayo watafanya onyesho la jiwe kwa kukukumbuka. Mwaka unakaribia kutimia tangu tukuzike. Atakayelala ni Nyigu, yule mwanafunzi wako mcheza dansi, mwenye kiuno chembamba na maswali yanayochoma. Wanataka mimi nifunge kamba.

Nikasema sawa. Nikarudi kwenye mabati.

Jioni mama watoto aliniuliza ninajisikiaje. Nikatafuta. Sikupata kitu. Nikamwambia mboga imeiva vizuri.

Jumanne, 7 Machi

Niandike onyesho lilivyokuwa, nisije nikasahau. Watu wanasahau mambo makubwa kuliko haya.

Jiwe la kilo ishirini na nane linaning'inia kwenye kamba. Kamba inapanda mpaka kwenye kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, lililofungwa kwenye boriti, inakwenda mlalo chini ya paa mpaka kapi la pili, kisha inashuka upande mwingine wa ukumbi. Wewe unalala chali chini ya jiwe, macho wazi. Kamba wanaishika watazamaji. Mmoja mmoja, kwa foleni. Anayepokea anashika kwanza, anasema "nimeshika". Anayetoa anasema "naachia". Hayo ndiyo maneno pekee yanayoruhusiwa. Saa nzima. Hakuna mlinzi, hakuna mashine. Mtu akichoka na nyuma yake hakuna mtu — basi ni yeye, na jiwe, na wewe.

Shangazi alikuja mara moja tu. Akasema kama kazi ni kulala, hata yeye analala kila siku na hajawahi kupigiwa makofi. Watu wakacheka. Kisha ikafika zamu yake. Aliposhika ile kamba mikono ilimtetemeka mpaka bangili zikalia. Hakutania tena. Kila tukionana alikuwa akiuliza: bado analala? Bado, shangazi.

Uzito wa jiwe uliuchagua wewe. Ulikuwa na miaka tisa, nilikuja nawe ghalani siku ya likizo, nikakupandisha kwenye mizani ya magunia. Ishirini na nane, pamoja na viatu. Vibarua wakapiga kelele: huyu si mtoto, huyu ni kijiti! Ukanuna mpaka jioni. Kesho yake ukataka kuitwa hivyo na kila mtu.

Ulilala chini ya lile jiwe mara thelathini na moja. Halikukugusa. Ukaja kuchukuliwa na homa ya siku nne, kitandani, dirisha wazi, mkono wako ndani ya wangu. Sikuachia. Haikusaidia.

Alhamisi, 9 Machi

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu. Si mama watoto. Si wewe.

Haikuwa kamba tupu.

Siku ya kwanza kabisa ulinikalisha kwenye ngazi ukasema: Kaka, sitaki ujanja. Hakuna waya wa siri, hakuna cha kuzuia. Kamba tupu, la sivyo nitakuwa ninawadanganya watu. Nikasema kamba tupu. Ukasema apa. Nikaapa kwa jina la mama.

Kisha nikapanda juu nikapiga fundo.

Fundo nene, lile tunalofungia mizigo ya kreni. Nililipiga kati ya makapi hayo mawili, kiasi cha mkono mmoja kutoka kapi la juu ya jiwe. Kamba ikimponyoka mtu, jiwe lingeshuka mkono mmoja tu, fundo lingegonga kapi na kukwama. Jiwe lingebaki linapepesuka shibiri tatu juu ya kifua chako. Nikalizungushia kipande cha bitana nyeusi ya koti langu la zamani ili lipotee kwenye giza la paa.

Mara thelathini na moja nilipiga. Mara thelathini na moja nikafungua, kabla hujamaliza kunywa maji.

Gazeti likaandika kwamba wewe ni mwanamke anayewakabidhi wageni uhai wake. Ulikata ile habari ukaibandika kwenye friji hapa nyumbani. Kila nikija kuchukua maji baridi naisoma. Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa shuleni. Yangu ilikuwa ya miaka sita na haikuonyesha dalili ya kuisha.

Lakini ningefanyaje? Mama aliondoka akiniambia, mwangalie mdogo wako. Hakusema, isipokuwa akiwa kwenye sanaa.

Jumapili, 12 Machi

Nyigu amekuja nyumbani. Akakaa kwenye kiti chako, hakujua. Mama watoto alitaka kumhamisha. Nikamkonyeza, aache.

Ameleta karatasi yako ya maelekezo. Mwandiko wako uleule, herufi zimeinama kama zinasukumwa na upepo. Jiwe kilo ishirini na nane. Saa moja. Kamba tupu. Na chini kabisa, umepigia mstari mara mbili: Kamba ifungwe na kaka yangu. Si mtu mwingine yeyote.

Nikafikiri, amenipa heshima.

Nyigu alisubiri nimalize kusoma. Kisha akaingia moja kwa moja.

"Mjomba, nakuomba ukweli. Kulikuwa na kitu?"

"Kitu gani?"

"Cha kulizuia lile jiwe. Mimi ndiye ninayelala, Mjomba. Mama ananiuliza kila asubuhi, sina cha kumjibu. Sipati usingizi."

Jikoni kisu cha mama watoto kilisimama. Alikuwa anakata vitunguu.

Nikasema, "Kamba tupu."

"Na Mwalimu alilala hivyo hivyo? Mara zote?"

"Mara zote."

Akashusha pumzi. Akasema, basi. Kama Mwalimu aliweza, na yeye ataweza, atakuwa nani asiweze? Akanishukuru. Akanywa chai vikombe viwili na mkono ulikuwa umetulia. Mlangoni aliniamkia tena kana kwamba ndiyo kwanza anafika, tukacheka wote.

Nilitaka jina lako libaki safi. Hilo tu. Sasa ni jina lako safi linalompeleka mtoto wa watu chini ya jiwe.

Nimejipangia: nitapiga fundo kimya kimya kama zamani. Hakuna atakayejua. Mama watoto hajaniuliza kitu. Alipopakua chakula aliniwekea kidogo kuliko kawaida.

Jumanne, 14 Machi

Zahanati. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na jirani yake. Vina ganzi tangu wiki ya msiba. Tabibu alinichoma na pini, nami nikamtazama akinichoma, kama anamchoma mtu mwingine. Akasema ni mshipa, kiwikoni au shingoni. Akauliza, kuna ganzi mahali pengine? Nikasema hapana. Nililifikiria swali lile njia nzima.

Nisibebe vitu vizito, anasema. Unafanya kazi gani, mzee? Nikamwambia, kupakia mizigo ghalani. Tukacheka kidogo, yeye na mimi. Vidonge vya njano, kimoja asubuhi, kimoja usiku.

Alhamisi, 16 Machi

Kijiti.

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Nilifika ukumbini saa nne asubuhi. Hakuna kilichobadilika. Paa bado linavuja palepale na ndoo ya bluu ipo chini yake. Fundi wa taa bado anapiga mluzi wimbo mmoja usio na mwisho. Nikapanda ngazi, nikafunga kapi, nikapitisha kamba. Nikapiga fundo. Vile vidole viwili havikunisaidia, nilimalizia kukaza kwa meno. Nikazungushia bitana. Kipande kilekile, nilikuwa nimekihifadhi kwenye kopo la misumari.

Nikashuka, nikalivuta jiwe juu na kufunga ncha ya kamba kwenye nguzo. Nikatazama juu kutoka mahali foleni itakapokuwa. Giza. Kutoka mlangoni. Giza. Nikaona mambo safi.

Nyigu alikuwa bado yuko kwenye mazoezi yake. Miwani akataka alama ya mahali pa kulala ipakwe chaki sakafuni. Akasema, mzee, hebu lala wewe kidogo tupate vipimo.

Mimi? Miaka sita na sikuwahi kulala pale hata mara moja. Ulikuwa unalala mwenyewe, mimi nashughulika na kamba. Nikavua viatu. Soksi ina tundu. Nikalala chali, mikono pembeni, kama ulivyokuwa ukifanya.

Fundi wa taa akawasha taa zake.

Linaonekana.

Linaonekana kabisa! Taa inapiga ubavu wa jiwe, inapanda na kamba, inakwenda mpaka juu, na pale juu — bonge jeusi, kama kiota kwenye mti uliopukutika majani. Bitana inang'aa. Sikujua kwamba bitana inang'aa. Na ukiwa umelala pale hakuna kingine cha kutazama. Jiwe. Kamba. Fundo. Saa nzima, macho wazi. Mara thelathini na moja.

Ulijua.

Ulijua tangu siku ya kwanza. Ukimaliza ulikuwa unakuja moja kwa moja kwangu, kabla ya watu, kabla ya maua, unanivuta sikio na kusema: asante kwa kamba, kaka. Nilidhani ni kwa kuipandisha. Na karatasi yako. Ifungwe na kaka yangu, si mtu mwingine yeyote. Mistari miwili!

Miaka sita tumedanganyana kwa adabu.

Miwani akauliza, mzee umepitiwa na usingizi? Nikasema bado kidogo. Nilikuwa nasubiri machozi. Kwa jinsi nilivyolala yangeteremka masikioni, nilishajiandaa. Hayakuja. Mgongo ukaanza kuuma kwa baridi ya sakafu, nikainuka, wakapaka chaki kunizunguka.

Nikiwa nafunga viatu ndipo nikakumbuka. Kesho atalala Nyigu kwa majaribio. Na yeye ana macho.

Ningeweza kupanda tena nikaliondoa. Au nikaweka kitambaa kingine kisichong'aa. Sikufanya. Nimechoka kupanda ngazi kwa siri.

Ijumaa, 17 Machi

Nyigu alilala kwa majaribio. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Haikupita dakika moja akainuka, akajikung'uta, akanishika mkono mpaka nje, kwenye ngazi za nyuma wanapotupa viti vibovu.

"Mjomba. Kule juu kuna nini?"

"Fundo."

"La nini?"

"La kukuzuia usife."

"Na Mwalimu?"

Nikamwambia yote. Kiapo, bitana, sikio. Nimesema maneno mengi leo kuliko mwaka mzima. Alisikiliza huku akikwangua rangi ya kiti kwa ukucha.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Jumapili nilikuuliza nimekaa mbele yako," akasema. "Nikarudi nyumbani nikalala usingizi. Kwa neno lako."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sina ugomvi na fundo. Wewe ulinichagulia, ukanifanya nidhani nimechagua mwenyewe."

Nikasema, basi chagua. Sasa hivi.

Mtu alipita na ndoo ya bluu, akaimwaga, akarudi.

"Mwalimu akitazama juu alikuwa anakuona wewe," akasema. "Mimi nikitazama juu nitaona uongo wako. Litoe."

Nikamweleza kilo ishirini na nane zinafanya nini kwenye kifua. Nimeona ghalani, si hadithi ya kusimuliwa. Nimemwona kibarua akijaribu kuvuta pumzi na mbavu hazikubali. Akasema anajua, ndiyo maana wanaoshika watakuwa macho. Nikasema watu hawako hivyo, watu wanapiga chafya, watu wanafikiria nyumbani. Akasema, "Lakini hawakumwangusha. Mara ngapi? Thelathini na moja. Fundo lako liliwahi kufanya kazi hata siku moja?"

Hapana. Hata siku moja. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Nikamwambia nitamweleza Miwani. Akasema nimweleze, na nikimweleza la kwake nimweleze na la Mwalimu, maana Miwani atawaza gazeti litaandika nini kabla hajaiona miwani yake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekusomea ratiba.

Nikapanda. Nikalifungua kwa meno, lilikuwa limekaza. Yeye alisimama chini akinishikia ngazi.

Sasa niko nyumbani. Simu iko mezani, namba ya Miwani iko kwenye kioo. Nimeitazama mpaka kioo kikazimika chenyewe. Kisha nikakigusa kikawaka, nikapiga.

Nilimwambia ajihadhari kesho, kamba ni tupu kweli. Akasema, "Si ndivyo ilivyokuwa siku zote, mzee?"

Akasema haloo? Haloo? Nikasema ndiyo. Akasema basi tulale, kesho kuna kazi.

Jumamosi, 18 Machi

Saa kumi na dakika tano alasiri. Ninaandika nimesimama kwenye foleni, daftari nimelibana ukutani. Mwandiko utanisamehe.

Tulianza saa tisa na nusu. Watu walijaa, foleni ikafika nje. Nyigu amevaa nguo ya kijivu. Mama yake amekaa kiti cha mbele, mkoba juu ya magoti, ameushika kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nimeshika. Naachia. Nikatoka, nikaenda nyuma kabisa, nikapanga foleni tena. Karatasi yako haikatazi. Fundo la juu halipo, basi niwe mimi la chini.

Mara ya pili nilishika vizuri.

Mara ya tatu, vile vidole. Nilidhani vimekamata, kumbe havijakamata. Kamba iliteleza shibiri moja. Jiwe likashuka, nikaikamata kamba kwa mkono wa kushoto. Ukumbi mzima ulivuta pumzi mara moja. Mama yake alisimama, kisha akakaa. Nyigu hakupepesa macho. Alikuwa anatazama juu, pale ambapo hapana kitu.

Baadaye nikaona damu mkononi. Sikuwa nimesikia. Nimefuta kwa bitana, ilikuwa mfukoni.

Mvua imeanza. Inapiga bati kwa nguvu, ndoo ya bluu inalia tik tik. Walioshika wengi wameondoka wawahi kabla barabara hazijajaa maji. Wengine wamekaa ukutani wanatazama, hawataki kurudia, nawaelewa. Foleni ina watu watano. Bado dakika ishirini na tano.

Nyuma yangu yuko mama mmoja mnene mwenye mwavuli wa kijani. Ameinama akaninong'oneza, ingawa hairuhusiwi.

"Baba, wewe si ulikuwa pale sasa hivi?"

Ndiyo.

"Na kabla yake?"

Ndiyo.

"Unarudia kama mtoto kwenye bembea. Ni mwanao yule?"

Nikasema ni mwanafunzi wa mdogo wangu. Akauliza mdogo wako yuko wapi. Nikasema alikuwa analala pale.

Nami nikamwonyesha mkono. Sijui kwa nini yeye, sijamwonyesha hata Nyigu. Nikamwambia, vidole hivi viwili vimekufa ganzi, na ile shibiri ya mara ya tatu ni yangu. Akaushika mkono wangu, akaugeuza huku na huku kama anachagua nyanya. Akabonyeza kidole cha mwisho. Unasikia? Hapana. Akabonyeza kwa nguvu, penye jeraha. Unasikia?

Kidogo.

Kidogo, Kijiti. Kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya tatu.

"Haya," akasema. "Zamu yako mimi nitashika nyuma yako, na usiseme naachia mpaka nikuruhusu. Nafua mashuka ya hoteli nzima mimi. Mikono hii haiachii kitu."

Nikamwambia sheria inasema mtu mmoja mmoja. Akasema sheria imeandikwa na nani? Nikasema na mdogo wangu. Akasema, basi wewe na mimi tutamwomba radhi.

Saa kumi na dakika kumi na mbili. Tumebaki wanne. Wawili mbele yangu, mimi, na mama wa mwavuli. Nyuma yake hakuna. Wa mbele kabisa, aliyeshika kamba, ni kijana wa shati la michirizi, mabega yameanza kupanda, anabadilisha miguu. Nyigu ametulia. Ninaona kifua chake kinapanda na kushuka kutoka hapa. Nimehesabu kumi na tisa nikapotea.

Kijana amesema naachia. Amebaki mmoja. Huyu naye hana nguvu, tayari ananitazama.

Mama ameweka mwavuli chini, amepangusa mikono kwenye sketi. Amenigusa bega.

Nafunga daftari. Nahitaji mikono yote.

Kijiti, nikumbuke.